Miguu Yangu na Miguu ya Baba Mkwe

Ninaandika kwa ajili ya mtu aliyeamka kutoka malaria iliyopanda kichwani akakuta mikono na miguu yake haimsikii, na kwa ajili ya wale wanaoishi naye nyumba moja. Mimi si nesi. Nitasema yaliyonipata, na kwa kuwa mengi yamepita, naweza kuyasema taratibu.

Niliugua wakati wa masika, mwaka ule Uganda ikiwa imeshapata bendera yake na wenzetu wa Kenya wakiwa bado wanaingoja yao. Mimi ni Mteso wa Buteba, lakini nilikuwa nimeolewa Buhehe, kwa Wasamia. Mume wangu, Wandera, alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha saruji Tororo na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi nilikaa na wazazi wake, Mzee Egesa na Mama Nabwire, pamoja na binti yetu Nekesa, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anasimama dede. Kisamia changu kilikuwa kidogo, nao Kiteso hawakukijua kabisa, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili cha sokoni, kile ambacho kila mtu wa mpakani anacho hata kama hajui alikipata wapi.

Kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa maji. Kisima kilikuwa bondeni, na njia ya kurudi ni mlima wa mawe. Nilibeba debe kichwani juu ya kata ya majani ya mgomba, Nekesa mgongoni, mikono ikiwa huru, na njia nzima nikipiga soga na wanawake wenzangu. Sikuwahi kufikiria shingo yangu ilikuwa inafanya nini. Kwetu hakuna mwanamke anayefikiria hilo.

Homa yenyewe siikumbuki vizuri. Nakumbuka baridi, kisha nakumbuka mtu akinishika miguu, basi. Baadaye niliambiwa kwamba nilibebwa kwa machela hadi zahanati, nikadungwa sindano za kwinini, na kwamba mama yangu aliitwa kutoka Buteba aje anione huenda ikawa mara ya mwisho. Nilipofungua macho mvua ilikuwa imepungua, na mahindi niliyoyaacha yakichungulia kutoka ardhini yalikuwa yamefika kiunoni mwa mtu.

Jambo la kwanza lilikuwa kikombe. Mama Nabwire aliniletea uji, nikanyoosha mkono kukipokea, mkono ukakipita kikombe ukagonga ukuta. Nikaurudisha, ukarudi mno, ukamwaga uji kwenye blanketi. Yeye alidhani ni homa bado. Mimi pia. Lakini homa iliisha na mkono uliendelea kupita kila kitu. Nikikaa, mwili uliyumba kama kibuyu kinachoelea. Nikisimama, ilinibidi kupanua miguu kama mtu aliye kwenye mtumbwi. Maneno yalitoka kipande kipande, kimoja kwa sauti kubwa na kingine kwa sauti ndogo, wala si mimi niliyechagua.

Lililonishangaza ni kwamba nguvu zilikuwepo. Ningeweza kumbana mtu kiganja akalia. Na nilikumbuka kila kazi: jinsi ya kukata mboga, jinsi ya kufunga leso, jinsi ya kuinamia debe na kulipandisha kichwani kwa pumzi moja. Nilikuwa najua kila kitu na siwezi kitu.

Siku moja, nikiwa peke yangu na Nekesa, nilimwinua kutoka kwenye mkeka. Nilikuwa nimefanya hivyo tangu azaliwe. Mguu mmoja ulichelewa, tukaanguka wote wawili karibu na mafiga, na mkono wake mdogo ukagusa jivu la moto. Haikuwa jeraha kubwa. Lakini Mama Nabwire alipoingia alimchukua, akampaka mafuta, akakaa naye mlangoni akinipa mgongo.

"Mama yako aje amchukue," alisema bila kugeuka.

"Mama, mtoto huyu bado ananyonya."

"Simfukuzi. Lakini jiko ni jiko, Amoding. Haliwezi kukuonea huruma."

Mama yangu alikuja, akamfunga Nekesa mgongoni, akaondoka naye kwenda Buteba. Kifua changu kilijaa maziwa, kikauma, kisha kikakauka. Nalisema hili kwa sababu wanawake watakaosoma watataka kujua, na wanaume wenye wake wagonjwa wanapaswa kujua.

Kisha likaja la kanisani. Mimi na Mama Nabwire tulikuwa tumeokoka, na mtu aliyeokoka haonji pombe. Nilipoanza kutoka nje, nikishika miti ya ua, watu waliona mwanamke anayeyumba, miguu imepanuka, ulimi mzito. Tena Mteso. Huku mpakani Wateso tuna sifa ya ajono, pombe ya wimbi, yaani ulezi, inayonywewa kwa mirija mirefu, na sifa humfika mtu mahali kabla yake. Katika mkutano wa kina mama, Mama Loisi, aliyekuwa kiongozi wetu, alisimama mbele yangu akanishika mkono kwa upole.

"Dada Amoding, Bwana anaona hata ya sirini. Ukiungama leo, leo hii umesamehewa."

"Si-ja-nywa," nilisema. Lilitoka hivyo, limekatikakatika.

Mtu mmoja nyuma akasema polepole, "Sikieni ulimi wenyewe."

Nilikataa kuungama. Wangeniuliza kama nina hasira, ningeungama hasira. Mwalimu Yona, katekista wetu, aliniambia nikae benchi la nyuma na nisikaribie meza ya Bwana mpaka maisha yangu yatakapokuwa sawa. Nikirudi nyumbani nilianguka njiani, na waliokuwa wakija nyuma yangu walipita pembeni.

Mama Nabwire alikuwepo siku hiyo. Alikuwa amelala nami chumba kimoja muda wote wa ugonjwa, alijua sijanywa. Hakunitetea. Niliona vibaya wakati ule. Sasa najua kwamba alikuwa amechoka kubeba maji peke yake, kunibeba mimi, na kumbeba mumewe.

Maana Mzee Egesa naye alikuwa mgonjwa, tangu kabla sijaolewa. Mkono wake wa kulia ulitetemeka ukiwa umetulia, vidole vikisuguana kama vya mtu anayesaga tumbaku. Uso wake ulikuwa umekauka. Hata akifurahi hungejua. Alipofika mlangoni alisimama kwenye kizingiti kama ng'ombe aliyeona nyoka, miguu ikigoma, mpaka mtu amsukume kidogo. Hatua za uani zilikuwa fupifupi, za kuburuta. Lakini mpandishe mtu huyohuyo kwenye baiskeli yake, umsukume ianze, naye angekwenda hadi Busia sokoni bila kuyumba, akipita katikati ya malori na wachuuzi kama kijana. Watu walisema anajifanya. Walisema mtu asiyeweza kuvuka mlango wake hawezi kuvuka mpaka kwa baiskeli.

Mimi na yeye hatukuwa tumezungumza sana. Kwa desturi, mke wa mwana hamgusi baba mkwe, hakai naye mkeka mmoja, na akimwona njiani humpisha. Kwa hiyo nilishtuka jioni ya siku ile alipokuja kusimama mbali kidogo na mahali nilipokaa, akanisemesha mwenyewe.

"Wewe hunywi," alisema. "Mimi najua mlevi, kwa sababu mimi ni mlevi. Mlevi miguu yake nalegea. Yako hailegei. Yako nakosa mahali pa kukanyaga."

Nilitazama chini kama inavyotakiwa.

"Jumatatu mimi nakwenda Tororo, kwa daktari. Wewe pia nakwenda."

Mama Nabwire aliacha kuchambua mboga. "Nakwenda na nini?"

"Na baiskeli."

"Utambeba mkwe wako mgongoni?"

"Atakaa kwenye keria," alisema Mzee. "Keria si mgongo."

Walibishana kwa Kisamia, na mengine sikuyaelewa. Nilielewa kwamba Mama Nabwire alisema majirani watacheka, na Mzee akajibu kwamba majirani wanacheka tayari. Asubuhi ya Jumatatu Mama Nabwire mwenyewe ndiye aliyetandika gunia kwenye keria. Aliponikalisha niliyumba, akafikiri kidogo, akavua leso yake, akanifunga nayo kiunoni na kuizungusha kwenye chuma kilicho chini ya kiti cha Mzee, ili nisianguke na nisimguse. Alikaza fundo, akalijaribu, akalikaza tena. Kisha akatusukuma.

Nilishika chuma cha kiti kwa mikono miwili, macho yangu nikiyaweka kwenye kiraka cha shati lake. Njiani baiskeli ilipoinama kulia, mimi nilichelewa kuinama. Ilipokaa sawa, mimi ndiyo nilikuwa nainama. Mzee alilazimika kupambana nami kilomita zote zile, na hakunung'unika. Wale tuliowapita waliona mwanamume anayetetemeka na mwanamke aliyefungwa kwa leso. Sijui walisema nini, na kwa mwendo ule hatukusubiri kusikia.

Tulilala Buteba kwa mama yangu. Mzee hakuweza kushuka mwenyewe, kwa hiyo alielekeza baiskeli kwenye kichuguu kando ya njia, akaiegemeza hapo, akakaa juu ya baiskeli akingoja watu wamshushe. Mama yangu aliniingiza ndani. Nekesa alinitazama kwa muda mrefu, kisha akajificha nyuma ya bibi yake. Alikuwa ameanza kutembea. Alizunguka nyumba nzima akishika vitu, akaanguka, akainuka, na kila alipoinuka alikuwa anajua jambo moja zaidi. Niliiona tofauti yetu waziwazi. Yeye akikosea, mwili wake ulijirekebisha bila yeye kuambiwa. Mimi nilikosea jana, nikakosea leo, na kosa lilikuwa lilelile.

Hospitalini Tororo tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi jua lilipohamia upande wa pili wa ule mwamba mkubwa ulio juu ya mji. Mwanamke aliyekuwa karibu nami alimhamishia mtoto wake upande wa mbali. Wandera alikuja baada ya kazi, vumbi la saruji likiwa bado kwenye nyusi, akakuta baba yake mwanzo wa benchi na mimi mwisho wake, na watu kati yetu, kama desturi inavyotaka. Alitutazama, akaenda kusimama katikati.

Daktari alikuwa Mhindi wa makamo. Alinitaka niguse pua yangu, kisha kidole chake, kisha pua. Nilijigonga shavu. Alinitaka nisimame nimefumba macho, na Wandera akanidaka. Kisha alimtazama Mzee, aliyekuwa amekwama mlangoni akitaka kutoka, akamchunguza naye bila kungoja zamu yake.

Alichosema nakiandika kifupi, kwa sababu ndicho nilichokielewa. Alisema kichwa cha mtu kina wafanyakazi wengi na kila mmoja ana kazi yake. Aligusa kisogo changu. "Huyu wa nyuma ndiye anaangalia makosa. Mkono ukipita, yeye nasema, rudi kidogo. Mguu ukichelewa, nasema, fanya haraka. Homa imemuumiza. Kwa hiyo mama kazi unajua, lakini hakuna wa kukurekebisha." Kisha akamwonyesha Mzee. "Wa Mzee ni mwingine, wa ndani kabisa. Yule nafungua mlango wa kuanza. Mwendo uko, mlango nagoma. Baiskeli inamwanzishia: mguu huu ukishuka, ule unapandishwa."

"Atapona?" Wandera aliuliza, na sikujua alikuwa anamuulizia nani.

"Mzee nitampa vidonge, vitapunguza. Mama hana dawa. Mama atajifunza upya, kwa macho na kwa akili. Itakuwa polepole."

Nililazwa. Mzee akapewa vidonge vilivyomkausha mdomo, akabaki Tororo kwa muda ili daktari amwone tena. Wandera alikuwa na chumba kimoja katika nyumba za vibarua. Akampa baba yake kitanda.

Aliyenifundisha kutembea ni Nesi Nyafwono, Mpadhola wa hapohapo Tororo, mnene mwenye subira ya mtu anayechunga mbuzi. Alinishonea vifuko vya mchanga, akanifungia kwenye vifundo vya mikono na miguu, kwa sababu mguu mzito hauruki ovyo. Kisha akachora kwa chaki kwenye baraza ndefu ya wodi: mistari ya kukatiza, na kati ya mstari na mstari alama ya unyayo.

"Mguu hapa," alisema. "Usiangalie mimi. Angalia chaki. Sema na mguu wako."

Nilisema nao. Kisigino. Kidole. Simama. Kisigino. Nilikanyaga nje ya alama, juu ya alama, juu ya mguu wangu mwenyewe. Mtu akinisalimia katikati ya hatua, nilianguka, maana akili haikuweza kujibu salamu na kushika mguu kwa wakati mmoja. Kwetu kutokuitikia salamu ni utovu wa adabu. Nilijifunza kusimama kwanza, kupanua miguu, kisha kuitika, kisha kuanza tena. Kama unamuuguza mtu wa namna hii, msalimie akiwa amekaa.

Siku chache baadaye Mzee alikuja kuangaliwa. Alipofika mwanzo wa baraza alikwama kama kawaida, mkono ukitetemeka, na wagonjwa wakaanza kumzunguka kupita. Mimi nilikuwa upande wa pili, nimeshika ukuta. Nilimwona akiitazama mistari ya chaki. Aliinua mguu juu kama anavuka kijito, akavuka mstari wa kwanza. Akavuka wa pili. Kisha akaja baraza nzima kwa hatua ndefu, za mtu mzima mwenye afya, akafika karibu nami akasimama, kwa sababu mistari ilikuwa imeisha.

Nesi Nyafwono aliweka ndoo chini. "Mzee, rudi tena," alisema.

Akarudi. Alirudi mara nyingi. Uso wake haukubadilika, lakini machozi yalitoka, na kwa kuwa mkono mmoja ulitetemeka na mwingine ulishika fimbo, hakuyafuta.

Mistari ileile iliyonishinda mimi ilimfungua yeye. Hata hivyo faida yake na yangu hazikufanana. Yeye alipata yote siku ileile, na mistari ikiondolewa alibaki palepale mlangoni. Mimi nilipata kidogo sana, kiasi kwamba kila asubuhi nilidhani nimeanza upya. Lakini kile kidogo hakikuondoka. Mpaka wimbi lilipoanza kuvunwa nilikuwa natembea baraza bila vifuko. Kikombe nilikishika kwa kuegemeza kiwiko kwanza mezani, kisha kuuleta mkono polepole kama mtu anayemkaribia kuku. Kikombe lazima kijazwe nusu. Mengine ya namna hii utayagundua mwenyewe.

Wandera hakuwa mtu wa maneno. Alikuja jioni nyingi na kunitazama nikihangaika. Siku moja alisema, "Naona nikikusemesha unaanguka."

"Ndiyo."

"Basi nitanyamaza."

Tangu hapo alitembea kando yangu kimya, hatua kwa hatua, baraza hadi mwisho na kurudi. Nimesikia wanawake wakisifu waume wao kwa mengi. Mimi namsifu wangu kwa kimya kile.

Tulirudi Buhehe mvua za vuli zikianza. Mzee alilaza miti myembamba uani, kutoka mlango wa nyumba hadi choo na hadi jikoni, akawa anaivuka mmoja baada ya mwingine. Mama Nabwire alijikwaa kwenye miti hiyo, akalaani, na asubuhi akaipanga tena ilipokuwa imesogezwa na ng'ombe. Siku hizo ndipo aliniambia jambo. Tulikuwa tunamenya muhogo, mimi nikimenya wangu, kisu kikipita karibu mno na vidole.

"Daktari alisema uso wake pia ni ugonjwa?"

"Ndiyo, Mama. Alisema uso hauwezi kuanza."

Alichukua muhogo mwingine. "Miaka hii yote nilidhani amenichoka," alisema.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani, nikakaa benchi la nyuma, fimbo yangu ikiwa magotini. Katikati ya ibada tulisikia baiskeli ikigonga ukuta wa nje. Mzee Egesa hakuwa mtu wa kanisa. Alipenda pombe yake, busaa, na hakuificha. Alitokea mlangoni akasimama. Watu waligeuka. Alijaribu kuingia, miguu ikatetemeka mahali pamoja, mwili ukainama mbele, na mtu mmoja akacheka chini chini kwamba leo mlevi amekuja kuokoka.

Niliinuka. Nilisogea kwa kushika migongo ya mabenchi, nikafika karibu na mlango, nikalaza fimbo yangu sakafuni mbele ya mguu wake. Bila fimbo sikuweza kusimama, kwa hiyo nikakaa chini palepale kwenye udongo. Mzee aliitazama fimbo, akainua mguu, akaivuka, na kwa mwendo ule ule akapita hadi mbele ya Mwalimu Yona.

"Mimi si mtu wa hapa," alisema. "Lakini nimesikia mnatafuta mlevi kwangu. Mlevi ni mimi. Huyu mke wa mwanangu nimekaa naye, sijamwona kuonja. Hata mtungi wangu hapendi kuufunika. Daktari Tororo amesema kichwa chake kiliumizwa na homa. Changu pia kimeumia, mahali pengine. Mmeona wenyewe navyoingia. Nani kati yenu ameninywesha pombe mlangoni?"

Mwalimu Yona alishuka kutoka mbele, akaja nilipokaa, akanipa mkono aniinue. Nilikuwa na neno la kumwambia, lakini kuinuka kulihitaji akili yangu yote. Baadaye hamu ya kulisema iliisha. Mama Loisi alikuja nyumbani na ndizi mbivu, akakaa, akaongea habari za mvua. Nililichukua hilo kama kuomba msamaha, kwa kuwa nilihitaji kuwa na watu.

Mzee yuko hai ninapoandika haya, ingawa vidonge havimsaidii kama mwanzo. Baiskeli ilimwacha taratibu. Alipata shida ya kusimama zaidi ya shida ya kwenda, na siku aliyokipita kichuguu alichozoea kuegemea akaingia kwenye shamba la pamba la jirani, aliamua mwenyewe kuiegemeza ukutani, asiiendeshe tena. Sasa anakaa kivulini kwa ukuta. Nampelekea uji, nusu kikombe, kwa sababu mbili: mkono wangu na mkono wake.

Maji nayabeba, lakini debe dogo, mkono mmoja ukilishika, na siongei njiani. Wanawake wameshazoea; tunaongea kisimani. Mkono ulio huru sijaupata tena na sidhani nitaupata.

Nekesa alirudi mapema zaidi ya hayo yote, kiangazi cha kwanza baada ya Tororo. Mama Nabwire alikuwa ameniambia kwamba siku nitakayotoa chungu cha maji moto jikoni hadi uani bila kumwaga, yeye mwenyewe atakwenda Buteba. Nilimwaga mara nyingi, na mguu wangu wa kushoto una alama. Siku niliyofaulu alivaa kanga safi akaondoka, na kesho yake akaja na mtoto mgongoni.

Mtoto alichukua muda kunikubali. Alinifuata kwa mbali, akinitazama miguu kuliko uso. Asubuhi moja mimi na Mama Nabwire tulikuwa tunapeta wimbi uani, nikamwona akivuka ua kuelekea kwa kuku, na kipande cha muhogo mkononi. Alikuwa amepanua miguu, mikono ameitandaza kidogo. Aliweka kisigino chini polepole, akasimama, akaweka kingine. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Kisigino," alikuwa akisema. "Kisigino."

Mama Nabwire aliacha kupeta. "Wewe Nekesa, tembea vizuri."

"Mwache, Mama," nilisema. "Anajifunza."

"Anajifunza nini?"

"Kutembea kama mama yake."

Alinitazama, kisha akamtazama mtoto, na ungo ukabaki umeinama mikononi mwake, wimbi likimwagika kidogo kidogo bila yeye kujua. Jogoo alinyakua kile kipande cha muhogo. Nekesa alipiga kelele, akamkimbilia moja kwa moja, miguu ikifuatana, hadi nyuma ya nyumba, bila kuiwaza.